Kadi ya Kuwahi Feri

Mjomba alivua miwani ya VR, ile inayomwingiza mtu ndani ya mchezo wa kompyuta, kabla hatujafika hata Daraja la Nyali. Aliiweka mezani polepole, akashika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili, akafumba macho. Ujana wake wote ulipita kwenye majahazi, akileta boriti kutoka Lamu, na bahari haikuwahi kumtapisha hata siku moja. Sasa alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki chumbani kwangu, Kibokoni, Mombasa, sakafu imetulia tuli chini yake, na kigegezi kimemkaba.

Nilimletea maji na kipande cha ndimu. Alipoinusa ile ndimu na rangi ikamrudia usoni, akanambia: "Mwanangu, nikigeuza kitwa naona kiza pembeni, kisha ndo dunia yaja. Kitwa changu chafika mbele, dunia yaja nyuma."

Nilikuwa nimeshasoma majedwali mpaka macho yakaniuma. Nilijua kwa moyo kadi ipi ya grafiki, ile inayochora picha ndani ya kompyuta, hutoa fremu ngapi, yaani picha ngapi kwa sekunde, katika mchezo upi. Lakini maneno ya mzee ndiyo yaliyonifahamisha jambo lenyewe, na tangu siku hiyo kila kijana anayeniuliza anunue kadi gani ya grafiki kwa ajili ya VR, yaani uhalisia pepe, humsimulia kwanza kisa cha mjomba, kisha ndipo tunaongea habari ya pesa.

Skrini ya kawaida ikichelewa kidogo, macho husamehe, kwa sababu skrini iko kule na wewe uko huku. Miwani ya VR imefungwa usoni. Ukigeuza shingo, macho yanataka dunia igeuke papo hapo, na sikio la ndani, lile linalotupa mizani ya kusimama, tayari limeshatoa taarifa kwamba kichwa kimegeuka. Macho na sikio wakipingana, tumbo ndilo linalolipa. Baharini upinzani ni wa namna nyingine: ukiwa ndani ya chombo, mwili unahisi wimbi ambalo macho hayalioni. Mjomba alizoea ule upinzani wa baharini kwa miaka mingi. Huu wa miwani hakuwahi kukutana nao.

Miwani ya Oculus Rift na HTC Vive zilipoingia sokoni 2016, zilionyesha picha mara 90 kwa sekunde. Gawanya sekunde kwa 90, unabaki na milisekunde 11 na nukta. Ndani ya muda huo prosesa ipange kila kitu mahali pake, kadi ichore jicho la kushoto na jicho la kulia, picha zipindwe ili lenzi izinyooshe, kisha zitoke. Halafu kazi ianze upya.

Sisi tunaovuka Likoni kwa feri hesabu hii tunaijua bila kalamu. Lango likifungwa limefungwa. Aliyechelewa kwa hatua tatu na aliyechelewa kwa robo saa wote wamebaki kivukoni, na wote watapanda feri moja, ijayo. Kadi ikimaliza kuchora kwa milisekunde 12 badala ya 11, haikosi milisekunde moja tu, imekosa feri. Picha inakaa kungoja safari inayofuata, na macho yanaonyeshwa ile ya zamani mara ya pili. Ikiendelea hivyo, 90 yako imekuwa 45.

Ndiyo maana wastani wa fremu, ile namba ambayo kila mtu huitaja dukani, inapotosha sana katika VR. Kadi yenye wastani wa 95 inaweza kuwa inakimbia mpaka 120 ukitazama mbinguni na kuanguka mpaka 60 ukitazama mji. Kwenye skrini hutajali. Kwenye miwani kila anguko ni feri iliyokosekana. Kinachofaa kutazamwa ni muda wa kila fremu, na ndani ya SteamVR, programu ya kuendeshea miwani kwenye kompyuta, kuna grafu yake, mistari midogo inayopanda na kushuka. Mimi huiacha wazi dakika kumi nzima nikiwa nacheza. Mstari ulionyooka chini ya mpaka unanifurahisha kuliko picha yoyote ya kupendeza.

Kuna ujanja mmoja unaosaidia, na ni haki kuutaja. Dakika ya mwisho kabla picha haijatoka, mfumo huuliza tena kichwa kiko wapi, kisha huigeuza picha iliyopo ili ilingane. Kwa hiyo hata fremu ikichelewa, ukigeuza shingo dunia hugeuka. Lakini picha hiyo ilichorwa kwa upana wa dirisha la zamani, na ukigeuka kwa haraka ilhali kadi imezidiwa, ukingo wake unaingia machoni. Hicho ndicho kile kiza alichokiona mjomba.

Uzito wa kazi yenyewe watu hawaukadirii vizuri. Skrini ya pikseli 1920 kwa 1080, picha 60 kwa sekunde, ni pikseli milioni 124 kila sekunde. Vive ya 2016 ilikuwa na pikseli 1080 kwa 1200 kwa kila jicho, lakini kwa kuwa picha hupindwa ili ilingane na lenzi, kadi hutakiwa kuchora kubwa zaidi, 1512 kwa 1680, ili katikati ya picha pasiwe na ukungu. Zidisha kwa macho mawili, kisha kwa 90: milioni 457. Hiyo ni miwani ya zamani. Quest 2 ya 2020, miwani ya kampuni ya Meta, ina 1832 kwa 1920 kwa kila jicho, na Quest 3 ya 2023 ina 2064 kwa 2208. Mtu akikwambia kadi fulani "yacheza kila kitu", muulize yacheza kila kitu wapi.

Miwani yangu ni Quest 2, niliyoletewa na binamu yangu anayefanya kazi Maskati. Inacheza michezo yake yenyewe bila kompyuta, na watoto wa nyumbani wangetosheka na hiyo. Mimi nilitaka Microsoft Flight Simulator, mchezo wa kurusha ndege, ambao tangu Desemba 2020 huingia kwenye VR, kwa sababu ndani yake dunia nzima imo, na Mombasa imo. Nilitaka kuruka kutoka uwanja wa ndege wa Moi International nikaione bandari ya Kilindini kutoka juu, Ngome, mkondo wa Tudor. Nilitaka mjomba aione pwani aliyoifanyia kazi. Huo ni mchezo mzito pengine kuliko yote ya VR. Anayetaka kukata vijisanduku vya mchezo wa Beat Saber atatosheka na kadi ndogo mno kuliko yangu, na ushauri wangu wa kwanza ni huo: taja mchezo kabla hujataja kadi.

Kompyuta yangu ya kwanza ilikuwa mnara wa ofisi, eksi-UK, yaani uliotumika Uingereza, prosesa i5-4590. Nilifurahi nilipogundua kwamba ndiyo hiyohiyo iliyotajwa na Oculus 2016 kuwa inafaa, pamoja na kadi ya GTX 970. Lakini pawasaplai yake, kile kifaa kinachoilisha umeme, ilikuwa ya wati 290 na haikuwa na waya hata mmoja wa kulisha kadi. Kuna wauzaji wanaokupa kijiwaya cha kugeuza plagi ya SATA, ile ya diski, kuwa plagi ya kadi. Naomba usikikubali. Plagi ya SATA imetengenezwa kubeba wati 54, na kadi itadai mara mbili au tatu ya hizo. Nimeona plagi zilizoyeyuka kwenye viyoyozi kwa sababu ya tamaa ndogo kuliko hiyo. Nilibadilisha pawasaplai nzima, na kwa kuwa plagi ya madabodi ile, yaani ubao mkuu wa kompyuta, si ya kawaida, nikatafuta na waya wa kuigeuza.

Kadi niliinunua kwenye duka moja la mjini. Sanduku lilisema RX 580, GB 8 za kumbukumbu. Nilipofika nyumbani nikafungua programu ya GPU-Z, inayosoma sifa za kadi, nikatazama idadi ya viini vya kuchorea: 2048. RX 580 ninayoijua mimi, iliyotoka Aprili 2017, ina 2304. Nikakaa nikaitazama ile namba kwa muda. Kumbe kuna RX 580 nyingine iliyotengenezwa 2018 kwa ajili ya soko la China, jina lilelile, viini vyake vimepunguzwa vikawa sawa na vya RX 570. Si bandia, kiwandani kweli imetoka hivyo. Lakini mimi nimelipa bei ya 580.

Nilirudi siku ya pili. "Shekhe," akanambia yule kijana, "sanduku si laandika 580?" Nikamwonyesha picha ya GPU-Z kwenye simu. Akaitazama, akanirudishia simu, akasema kitu kikishatoka dukani kimetoka. Mpaka leo linaniuma, kwa sababu nilikuwa na haki ya kuambiwa. Siku hizi siichukui kadi kabla haijawashwa mbele yangu na GPU-Z ikafunguliwa: viini, kumbukumbu, upana wa basi, yaani njia ya kadi kufikia kumbukumbu yake. Muuzaji anayekataa hilo amekujibu.

Kadi hiyo ndiyo iliyomtapisha mjomba, au tuseme iliyotaka kumtapisha.

Nikaanza upya, na mara hii nilianza na mashine. Ofisi za Ulaya zilipokuwa zikiacha kompyuta za HP Z440, zile za 2014, baadhi zilifika kwetu, na kwa mtu wa VR mwenye kipato cha kawaida naona ni neema. Pawasaplai ya wati 700, prosesa ya Xeon yenye viini sita, na nyaya mbili za pini sita za kulisha kadi. Pini sita ni wati 75 kwa kila waya. Ziunganishe mbili kwa adapta, umepata pini nane halali ya wati 150, na tundu la madabodi linaongeza 75. Jumla 225. Nilikuwa na mpaka wangu sasa: kadi yoyote inayokula zaidi ya wati 200 nimeshaitoa kwenye orodha, hata kama napewa kwa bei ya bure.

Mpaka huo uliiondoa RX 6700 XT, ambayo ni kadi nzuri sana, GB 12 za kumbukumbu, lakini inakula 230. Iliondoa na zile kubwa zote. Zikabaki RTX 3060, 3060 Ti, RTX 4060 na RX 6600.

Hapa ndipo nilipotumia wiki mbili, na sijutii hata siku moja ya hizo. RTX 4060 ya 2023 ni mpya kuliko 3060 ya 2021, inakula wati 115 tu, na katika michezo mingi ya skrini inaishinda. Rafiki zangu wote waliniambia nichukue hiyo. Lakini ina GB 8, na jambo ambalo halimo kwenye sanduku ni kwamba inatumia njia nane tu za PCIe, ile barabara kati ya kadi na kompyuta, badala ya 16. RX 6600 nayo vilevile. Kwenye madabodi mpya hilo halidhuru sana, maana kila njia ni pana. Z440 yangu ni PCIe ya kizazi cha tatu.

Kwa nini hilo linahusu? Kumbukumbu ya kadi ni ghala lililo bandarini kabisa, kreni inanyoosha mkono inachukua. Kwenye 3060 ya GB 12 kreni hiyo inahamisha GB 360 kwa sekunde. Ghala likijaa, mzigo unaozidi unawekwa kwenye RAM ya kompyuta, na kila ukihitajika lazima upite barabara ya PCIe. Barabara hiyo, kwa kizazi cha tatu na njia zote 16, hupitisha GB 16 kwa sekunde hivi. Kwa njia nane, GB nane. Kutoka 360 hadi nane! Lori moja likikwama hapo, feri imeondoka. Na Flight Simulator katika VR hujaza ghala haraka: kwenye mashine yangu, nikiwa juu ya mji, huisoma GB 9, mara nyingine 10. Kadi ya GB 8 ingekuwa barabarani kila dakika.

3060 Ti ina kasi zaidi ya 3060 bila ubishi, ina basi la biti 256, inakula wati 200. Kwa mchezo wa Half-Life: Alyx ningeichagua hiyo bila kufikiri mara mbili. Ila nayo ni GB 8. Kwa hiyo nikaishia kwenye kadi ambayo katika orodha nyingi ni ya pole kuliko 3060 Ti na 4060: RTX 3060, GB 12, njia 16, wati 170. Lakini angalia vizuri, maana jina hilo nalo lina pacha: mwishoni mwa 2022 ilitoka 3060 ya GB 8 yenye basi la biti 128 badala ya 192. Jina moja, kadi mbili. Nilishaumwa na nyoka, nikaulizia hilo kabla ya kuuliza bei.

Kitu kingine, na hiki kinawahusu wote wenye Quest. Miwani ya zamani hupokea picha moja kwa moja kwa kebo ya skrini. Quest haina tundu hilo. Picha zinabanwa kuwa video, zinapitishwa kwa USB au kwa Wi-Fi, kisha zinafunguliwa ndani ya miwani. Kazi ya kubana inafanywa na kadi hiyohiyo, kwa kifaa chake maalumu, na kila milisekunde inayotumika hapo ni ya kuchelewa. Upande huo kadi za NVIDIA, hizi zenye jina la RTX, zimenipa raha kuliko ile RX yangu: picha ilikuwa safi zaidi, hasa kwenye majani na maji. Kadi za RTX 40 na RX 7000 zinaweza kubana kwa AV1, namna ya kubana video iliyo bora zaidi, lakini Quest 2 haijui kuifungua, Quest 3 ndiyo inayoijua. Ukinunua 4060 kwa sababu ya AV1 na miwani yako ni Quest 2, umelipia kitu ambacho hutakitumia. Na kama kadi unayoifikiria ni GTX 1650, iache kabisa, Meta wenyewe hawaiungi mkono kwa Quest Link, njia yao ya kuunganisha miwani na kompyuta.

Wi-Fi ya Mji wa Kale ni somo peke yake. Kuta zetu ni za mawe ya matumbawe, nene kama mkono, na mawimbi ya GHz 5 hayapiti. Rauta yangu nimeileta chumbani humuhumu, waya wa mtandao kutoka kwenye kompyuta hadi kwenye rauta, na hakuna kitu kingine kinachoitumia. Watu wamebadilisha kadi wakidhani zimewashinda, kumbe tatizo ni rauta iliyo sebuleni.

Matangazo nayo yana hesabu yao. Utaona michoro inayoonyesha kadi mpya ikitoa fremu maradufu ya ya zamani, na chini kwa maandishi madogo imeandikwa kwamba fremu nyingine zimebuniwa na kadi yenyewe katikati ya zile za kweli. Kwa skrini sawa. Kwa miwani usizihesabu, miwani ina mfumo wake wa kubuni fremu, na kinachohitajika ni zile za kweli ziwahi.

Kazi yangu ya kila siku ni ufundi wa friji na viyoyozi, kwa hiyo niruhusu nikae kidogo kwenye joto. Umeme wote unaoingia kwenye kadi unatoka ukiwa joto. Wote. Haupotei, unahamia chumbani. Z440 yangu ikicheza huvuta wati 300 hivi, ambazo kwa lugha ya kazi yangu ni BTU elfu moja na kidogo kwa saa. Tunapokadiria kiyoyozi cha chumba, mtu mmoja aliyeketi humhesabu kama wati 100. Basi kuwasha mchezo ni sawa na kukaribisha watu watatu chumbani, wakae, na dirisha limefungwa. Kadi ya RTX 4090 peke yake ni wati 450, watu wanne na nusu. Wakati wa kusi utavumilia. Wakati wa kaskazi, Februari, chumba kina nyuzi 31 kabla hujawasha chochote na hewa imelowa, jasho linaingia kwenye sifongo ya miwani na lenzi zinafanya ukungu.

Na kadi yenyewe ina hali hiyohiyo. Kadi kama yangu ikikaribia nyuzi 83 hupunguza mwendo wenyewe ili isiungue. Ikipunguza mwendo, fremu iliyokuwa ikimalizika kwa milisekunde 11 sasa inataka 12 au 13. Kipimo kilichofanywa London kwenye chumba cha nyuzi 21 hakitakwambia kadi hiyo itafanyaje kwetu baada ya nusu saa. Mimi hutumia MSI Afterburner, programu ya bure, nimeishusha kadi mpaka asilimia 85 ya umeme wake. Inakula wati 145 hivi. Fremu nilizopoteza sikuziona kwa macho, ila joto lilishuka nyuzi sita na feni zikanyamaza. Jambo hilo ningemfanyia kila mtu wa pwani siku ya kwanza.

Chumvi nayo usiisahau. Nafungua viyoyozi vya nyumba zinazotazama bahari, miaka mitatu tu na mapezi ya alumini yameshakuwa unga mweupe mkononi. Kadi ina mapezi hayohayo na feni inayoivuta hewa hiyohiyo. Usiiweke kompyuta mbele ya dirisha la bahari, na usiiache imezimwa miezi mitatu, maana kifaa kinachowashwa hukauka.

Ndiyo maana ninaponunua kadi iliyotumika natazama vichwa vya skrubu kwanza. Skrubu zenye kutu, au tundu la DisplayPort lililofifia na kuwa na madoa ya kijani, zinakwambia kadi iliishi wapi. Kisha nachungulia pembeni mwa ubao kama kuna mafuta yaliyovuja kutoka kwenye pedi za joto. Kadi nyingi za kizazi cha 3060 zilikuwa zikichimba Ethereum, sarafu ya mtandaoni, usiku na mchana mpaka tarehe 15 Septemba 2022, siku mtandao ule ulipoacha uchimbaji wa kadi, na baada ya hapo zikamwagika sokoni dunia nzima. Kadi ya mchimbaji si lazima iwe mbovu. Izungushe feni kwa kidole: ikiwa inakwaruza au inatikisika, mihimili imechoka. Halafu iwashwe nusu saa, si dakika tano.

Yangu nilipata kwa mtu wa Nairobi, shilingi 32,000. Alinionyesha kwa video ikiwaka, GPU-Z wazi, biti 192, GB 12. Ilifika kwa basi, nikaipokea Mwembe Tayari saa kumi na mbili asubuhi, imefungwa ndani ya taulo na sanduku la viatu. Niliibeba mapajani kwenye tuktuk mpaka nyumbani. Nilibadilisha pesti ya joto, nikasafisha mapezi kwa brashi ileile ninayosafishia viyoyozi, nikaweka gadi kama ile ya friji, inayongoja dakika kadhaa stima ikirudi kabla haijaipitisha. Kwetu stima ikipotea si tatizo. Tatizo ni inavyorudi.

Kisha nikakaa na ile grafu. Flight Simulator kwa picha 90 haikuwezekana, na ningejua hilo mapema ningeokoa siku mbili. Nikaishusha miwani mpaka 72, ambapo feri huondoka kila milisekunde 14 kasoro kidogo. Bado mji ulikuwa mzito. Basi nikaamua kadi ichore 36 tu kwa sekunde, na mfumo wa miwani ujaze zile za katikati. Yaani abiria apande feri moja, aruke moja, lakini asiikose yake kamwe. Nilipunguza mawingu, nikapunguza miti, nikaacha chumba cha rubani kikiwa safi ili saa zisomeke. Mstari ukanyooka. Nilikaa saa nzima juu ya Diani na tumbo halikusema kitu.

Mjomba hakutaka kurudi. Nilimwambia mashine ni nyingine, akasema tumbo ni lilelile. Alikuja Ijumaa moja baada ya alasiri, akakaa kwenye kiti kilekile, na ndimu ameileta mwenyewe mfukoni.

Niliondoka na Cessna, ndege ndogo, kwenye njia ya kurukia ya 03, nikageuza taratibu sana kulia ili asishtuke. Kilindini ikapita chini. Aligeuza kichwa kushoto, akakirudisha, akakigeuza tena kwa haraka, kama anayejaribu mlango kama umefungwa. Nilikuwa namtazama mikono. Haikushika meza.

"Waja pamoja," akasema.

Tulipita juu ya Ngome, tukakata mkondo wa Tudor, daraja likaonekana jembamba kama uzi. Alikuwa ameinama upande wa dirisha lisilokuwapo, paji la uso karibu ligonge kabati, anatafuta mstari mweupe wa mwamba. Mtwapa ikapita. Akaanza kunitajia milango ya bahari mmoja mmoja, huu wa kina, huu wa kuvizia maji yajae, hapa waliwahi kukaa siku mbili wakingoja upepo. Mengine sikuwahi kuyasikia, na nimeishi na mzee huyu maisha yangu yote. Dakika kumi na saba tangu kuruka, mkono wa maji wa Kilifi ukafunguka mbele, na mjomba akanyoosha kidole hewani kuonyesha mahali ambapo nahodha wao alikuwa akitia nanga.

Adhana ya magharibi ikaanza. Alivua miwani kwa mkono mmoja, akajifuta jasho, akauliza kutoka hapo mpaka Lamu ni muda gani. Nikamwambia kama dakika hamsini nyingine.

"Isitoke hapo," akanambia, akiinuka kwenda kutia udhu. "Kesho twaanzia Kilifi."